Maswali Yenu Kuhusu Albamu ya Misimu 72

Tangu tulipochapisha tathmini fupi ya 72 Seasons, albamu ya karibuni ya bendi ya Marekani ya Metallica, tumepokea barua nyingi kuliko tulivyozoea kupata kwa muziki wa hevi metali, na hakuna mbili zinazokubaliana. Msomaji mmoja ameiita kazi bora kuliko zote walizofanya kwa miaka 30. Mwingine, aliyeandika siku hiyohiyo, amesema ni adhabu ya dakika 77. Kwa asiyeifahamu, albamu hiyo ilitoka tarehe 14 Aprili 2023, ina nyimbo 12, ni ya kumi na moja kwa albamu za studio za bendi hiyo, na ilitayarishwa na Greg Fidelman akishirikiana na wakongwe wawili walioiasisi bendi hiyo mwaka 1981, yaani mwimbaji James Hetfield na mpiga drams Lars Ulrich. Tumechagua barua sita, na tumezifupisha pale waandishi wake walipozidisha hasira.

Shikamoo Mhariri. Mimi na kaka yangu tunaishi nyumba moja hapa Morogoro, na tangu albamu hii itoke hatuelewani. Yeye aliwajua Metallica kwa kanda za kurudufu, na kila wimbo mpya ukifika katikati huniambia, "Hapa wangekuwa wameshamaliza." Mimi niliwajua mwaka 2022 kupitia tamthilia ya Stranger Things, na kwangu hakuna wimbo wa kuruka. Nani kati yetu ana haki?

Marahaba, kijana. Nitaanza na kaka yako, kwa sababu ndiye mkubwa na kwa sababu lalamiko lake linaweza kupimwa kwa saa ya ukutani.

Albamu ya Ride the Lightning ya mwaka 1984 ina nyimbo nane na haifiki dakika 48. Master of Puppets ya mwaka 1986, ambayo wimbo wake mkuu, uliosikika katika Stranger Things, ndio uliokuingiza wewe mlangoni, nayo ina nyimbo nane na haifiki dakika 55. Enzi hizo muziki wa namna hii uliuzwa hasa kwa sahani za santuri na kwa kanda, na upande mmoja wa sahani hauwezi kubeba zaidi ya dakika ishirini na kitu bila sauti kuanza kudhoofika, kwa hiyo bendi ililazimika kuchagua kipi kiingie na kipi kibaki studio. Ilipokuja sidii, yenye nafasi ya dakika 74 na baadaye karibu 80, kizuizi hicho kiliondoka, na Metallica waliitumia nafasi hiyo kama mtu aliyehamia nyumba kubwa akajaza vyumba vyote samani. Load ya mwaka 1996 ilikaribia kabisa dakika 79. Tangu hapo hakuna albamu ya nyimbo zao wenyewe iliyoshuka chini ya dakika 70, na 72 Seasons imefuata desturi hiyo ijapokuwa leo wengi wanasikiliza kwa simu, ambayo haina kikomo chochote cha kumlazimisha mtunzi kukata.

Kaka yako, basi, anasikia kweli kitu kilichopotea. Wimbo wa Sleepwalk My Life Away una karibu dakika saba, na binafsi sioni kitu katika dakika mbili za mwisho ambacho sikukisikia katika zile tano za kwanza: rifu ileile, yaani ule mpigo wa gitaa unaorudiwarudiwa, inarejea kwa kasi ileile na mpangilio uleule. Chasing Light nayo ina ugonjwa huo.

Hata hivyo, kurudia peke yake si kosa, na mtu aliyekulia katika muziki wa dansi hapaswi kuambiwa hivyo. Katika sebene, gitaa la solo linaweza kushikilia kipande kimoja kwa dakika tano na ukumbi mzima usitamani kikome, kwa kuwa chini yake besi inahama, tumba zinachokoza na rapa anatupa maneno mapya. Ninachouliza kila mara ni kama kuna kinachosogea wakati rifu imesimama. Katika wimbo wa kwanza, ulioipa albamu jina lake, kipo: drams zinabadilisha mwendo chini ya magitaa mara kadhaa, na dakika zake saba na nusu zinapita bila kuhesabiwa. Katika Lux Æterna hakuna haja ya kuuliza, kwani unaisha baada ya dakika tatu na sekunde ishirini na kitu, na si ajabu kwamba ndio walioutanguliza sokoni mwezi Novemba 2022.

Sasa wewe. Umeingia katika nyumba hii bila kubeba mwaka 1986 mgongoni, na hiyo ni bahati ambayo kaka yako hawezi kuipata tena. Yeye kila akisikia rifu mpya huiweka kwenye mizani pamoja na zile alizozisikia akiwa na umri wa miaka 16, na mizani hiyo haina uadilifu, kwa maana upande mmoja kuna muziki na upande wa pili kuna muziki pamoja na ujana wake wote. Nawafahamu wazee wa Dar es Salaam ambao mpaka leo hawatakubali kwamba Msondo au Sikinde walitoa wimbo wa maana baada ya mwimbaji fulani kuhama. Huwezi kubishana nao, na wala haifai kuwacheka.

Kwa kifupi, kaka yako ana haki kuhusu urefu, wewe una haki kuhusu ladha, na mkitaka amani ndani ya nyumba ongezeni jozi ya pili ya hedifoni.

Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba mashabiki wa zamani wa bendi hii hulalamika kila inapotoa albamu. Je, malalamiko ya sasa yana uzito wowote, au ni mazoea tu? (Msomaji, Arusha)

Mazoea yapo. Mwaka 1984 walilalamika kwa sababu wimbo wa Fade to Black ulianza taratibu kwa gitaa kavu. Mwaka 1988, katika …And Justice for All, besi ya Jason Newsted, aliyechukua nafasi ya marehemu Cliff Burton, ilishushwa mpaka ikawa haisikiki, na hapo walalamikaji walikuwa na haki kabisa. Mwaka 1991 nyimbo zilipungua kasi chini ya prodyuza Bob Rock, mashabiki wa awali wakasema bendi imejiuza, na albamu hiyo yenye jalada jeusi ikaja kuuza zaidi ya nakala milioni 16 nchini Marekani peke yake. Mwaka 1996 walikata nywele, na wapo ambao hawajasamehe hadi leo.

Albamu ya St. Anger ya mwaka 2003 inastahili aya yake. Ulrich alilegeza zile nyaya zinazokaa chini ya ngoma ya snea, ambazo ndizo huipa ngoma hiyo mlio wake wa kukwaruza, na kilichobaki kikawa mlio wa debe tupu linalogongwa kwa dakika 75. Vilevile hakuna solo ya gitaa hata moja. Nimejaribu kuipenda mara nyingi, na kila mara nimeishia kuipenda nia yake tu.

Ukizilinganisha, utaona kwamba makelele ya sasa ni ya upole. Mwaka 2003 watu waligombana kuhusu kama ile ilikuwa muziki au la. Safari hii hakuna anayekana kwamba bendi inapiga vizuri, wala kwamba Hetfield, ambaye alitimiza miaka 60 mwezi Agosti wa mwaka ule albamu ilipotoka, bado ana koo la kazi. Wanachogombania ni kama kupiga vizuri kunatosha.

Mhariri, mimi ni fundi wa sauti hapa Nairobi. Wenzangu wanasema albamu za Metallica zinaumiza masikio, na kwamba hii mpya ni sawa na ile ya mwaka 2008. Ningependa uwaeleze wasomaji wako, kwa lugha wanayoielewa, ugomvi huu wa sauti unatoka wapi.

Ndugu fundi, umenipa kazi ambayo wewe ungeifanya vizuri zaidi, lakini nitajaribu, nawe unisahihishe.

Rekodi ya kidijitali ina dari. Sauti ikifika pale juu haiwezi kwenda zaidi, na ukiilazimisha, kichwa cha wimbi kinakatwa, kikawa bapa, na sikio husikia mkwaruzo. Sasa tuseme unataka wimbo wako usikike kwa nguvu kuliko wa jirani yako. Kwa kuwa dari haisogei, unachoweza kufanya ni kuinua sakafu: unazibana zile sauti kubwa, kisha unapandisha zote kwa pamoja, ili minong'ono na makofi vikaribiane. Ukibana kidogo, wimbo unapata nguvu. Ukibana mno, unapoteza kile kinachofanya pigo la ngoma lishtue, kwa sababu pigo hushtua pale tu linapoipita sauti iliyolitangulia, na sasa hakuna iliyoachwa chini. Msikilizaji hajui kilichotokea, ila baada ya nyimbo nne anajikuta amechoka na anapunguza sauti.

Death Magnetic, iliyotoka Septemba 2008 chini ya prodyuza Rick Rubin, ndiyo iliyotolewa mfano duniani kote katika jambo hili. Kilichowafumbua watu macho ni mchezo wa video wa Guitar Hero, ambamo nyimbo zilezile ziliwekwa bila kubanwa kiasi kile. Mashabiki wakaweka picha za mawimbi ya sauti hizo mbili sambamba, moja ikiwa na vilele na mabonde, nyingine ikiwa kama tofali. Maelfu walitia sahihi ombi la kutaka albamu itengenezwe upya. Fundi Ted Jensen, aliyeifanyia ile hatua ya mwisho ya usawazishaji, alieleza kwamba nyimbo zilimfikia zikiwa zimekwisha kubanwa kabla hajazigusa.

Ama kuhusu hii mpya, wenzako hawajasema uongo mtupu. Greg Fidelman alikuwa miongoni mwa mafundi wa Death Magnetic, na 72 Seasons bado ni albamu inayopigwa karibu na dari muda mwingi. Lakini kusema ni sawa na ile ni kutosikiliza. Weka hedifoni nzuri, fungua You Must Burn!, na usikilize besi ya Robert Trujillo pale magitaa yanapotulia kidogo: utaisikia nyuzi yake ikitetemeka, na utasikia nafasi iliyopo kati yake na ngoma ya teke. Nafasi hiyo haikuwapo mwaka 2008. Zaidi ya hayo, siku hizi majukwaa makubwa ya kusikilizia muziki yanasawazisha sauti za nyimbo zote yenyewe, kwa hiyo anayebana wimbo wake ili umshinde jirani hupata hasara ya ubora bila kupata faida ya kelele.

Kuna neno moja nitaliongeza kwa wasomaji wengine. Wengi walioniandikia kwamba albamu "ina kelele tu" waliisikiliza kwa spika ya simu. Spika ile haitoi besi hata kidogo, na katika muziki ambao magitaa mawili na besi hupiga kitu kimoja kwa pamoja, ukiondoa besi umebakiza msumeno. Isikilize kwanza kwa redio yoyote ya nyumbani yenye spika za kweli, ndipo uandike barua.

Mimi hupiga gitaa la solo katika bendi ya hoteli. Naomba uniambie kwa nini Kirk Hammett, mpiga gitaa la solo wa Metallica, anasifiwa. Solo zake katika albamu hii naweza kuzipiga hata mimi.

Sina shaka, ndugu yangu, na wala hauko peke yako; lalamiko hili limezagaa, pamoja na lile la kanyagio la wah, linalofanya gitaa lisikike kama linalia, ambalo Hammett halivui mguuni. Safari hii alipendelea kubuni solo papo hapo studio badala ya kuzipanga noti kwa noti, na matokeo yake ni kwamba nyingine zina uchangamfu wa mtu anayezungumza na nyingine zinajikwaa. Pamoja na hayo, kumbuka kwamba mwaka 2014 alipoteza simu iliyokuwa na rifu zake karibu 250, na katika albamu ya mwaka 2016 mchango wake wa utunzi haukuonekana. Katika hii jina lake limerejea kwenye orodha ya watunzi. Mimi ningempima kwa rifu kuliko kwa solo.

Mhariri, mimi ni mzazi, naandika kutoka Tanga. Mwanangu wa miaka 17 anasikiliza albamu hii usiku na mchana, na nimeona wimbo mmoja una neno la kujiua katika jina lake. Nilitaka kumnyang'anya simu. Baba yake anasema nimwache. Wewe una maoni gani?

Mama, wasiwasi wako ni wa haki, na nisingependa uuone kama ushamba.

Wimbo unaousema ni Screaming Suicide, na si mara ya kwanza bendi hii kuligusa jambo hilo. Fade to Black ya mwaka 1984 nayo ilisimulia mtu aliyekata tamaa. Katika huu wa sasa, mawazo ya kujiua yenyewe ndiyo yanayosemeshwa, kama adui aliyefunuliwa uso ili aonekane, na bendi ilieleza wazi ulipotoka kwamba nia ilikuwa kulitamka neno ambalo watu hulinong'ona, ili mwenye maumivu asidhani yuko peke yake. Hetfield hazungumzi ya kuambiwa. Wazazi wake walikuwa waumini wa dhehebu la Christian Science, ambalo linategemea sala badala ya dawa. Baba yake aliihama familia James akiwa bado mdogo, na mama yake alifariki kwa saratani James akiwa na miaka 16. Yeye mwenyewe amewahi kuingia katika nyumba za tiba ya ulevi, mwaka 2001 na tena mwaka 2019. Kichwa cha albamu kinahusu hayo hayo: miaka 18 ya mwanzo, yaani misimu 72, ambayo kwa maelezo yake ndiyo humjenga mtu kuwa alivyo au kuwa vile asivyo. Tazama jalada lake la manjano: kitanda cha mtoto mchanga kilichoungua mpaka kikawa mkaa, na kukizunguka vitu vya utotoni vilivyoungua.

Wapo wanaosema kwamba maneno ya albamu hii ni mepesi, kwamba giza na nuru vinarudiwa hadi vinachosha, na kwa upande wa ufundi wa ushairi nakubaliana nao. Mshairi wa Lamu asingeachiwa apite na vina kama vile. Lakini wepesi huo ndio unaomfikia kijana wa miaka 17, ambaye hatafuti mafumbo.

Simu usimnyang'anye. Mwombe akuwekee wimbo huo, usikilize naye, kisha umuulize kwa upole unamgusa wapi. Huenda akajibu kwamba anapenda ngoma tu, na yakaishia hapo. Ikiwa atakuambia jambo zito zaidi, au ukiona hapati usingizi, hataki kula, anajitenga na rafiki zake, basi hilo halihusiani tena na safu ya muziki. Mpelekeni kituo cha afya bila kuchelewa, wewe na baba yake kwa pamoja.

Ndugu Mhariri, watu wa Unguja tunayo masika, kipupwe, vuli na kiangazi, kwa hiyo hesabu ya misimu minne kwa mwaka haitupi tabu. Kinachonitatiza ni wewe. Umeandika kuhusu albamu hii kwa kurasa mbili na bado sijui kama umeipenda. Wengine wamesema imeshika namba mbili tu Marekani, wengine wanasema imepata tuzo. Sema lako.

Yote mawili ni kweli. Ilishika namba moja Uingereza na namba mbili katika chati ya Billboard 200, na hivyo kukatisha mfululizo wa albamu sita za studio zilizoanzia kileleni nchini kwao tangu mwaka 1991. Kisha Februari 2024 wimbo wenye jina la albamu ukapata tuzo ya Grammy ya onyesho bora la metali. Hayo hayanisaidii mimi wala wewe kuamua lolote.

Langu ni hili. Nimeipenda albamu iliyofichwa ndani ya albamu hii. Nilipokata tamaa ya kuisikiliza yote kwa mkupuo mmoja, nilipanga saba kati ya zile 12 kwenye simu yangu: 72 Seasons, Shadows Follow, Screaming Suicide, You Must Burn!, Lux Æterna, Room of Mirrors, na Inamorata. Zikawa dakika 46 na nusu, karibu sawa kabisa na Ride the Lightning, na nimezisikiliza jioni nyingi bila kunyoosha mkono kuruka.

Na hapa naomba kaka wa Morogoro anisikilize pia. Inamorata una dakika 11 na sekunde 10, ndio mrefu kuliko wimbo wowote waliopata kuutunga wenyewe, na ndio pekee ambao nisingekubali upunguzwe. Katikati yake magitaa yanajiondoa, inabaki besi ya Trujillo ikitembea polepole na Ulrich akigusa matoazi kwa wepesi ambao sikuutarajia kutoka kwake. Kisha gitaa moja linarudi na mahadhi mapya, la pili likalidaka, na yakaendelea kupandishana bila haraka. Mke wangu, ambaye kwa kawaida hufunga mlango muziki huu ukianza, alisimama pale na kikombe chake cha chai akauliza kama hao ni walewale. Nikamwambia ndio. Akasema, "Mbona hawakuanza na huu?"